Tangazo Lisikikalo na Tangazo Linong'onalo

Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari hupita Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu. Msafiri aliye ndani ya basi hana haja ya kuuliza ni biashara gani zifanyikazo hapo, kwa sababu kuta za maduka humwambia. Kama ilivyo katika miji mingine midogo ya barabarani, ukuta mmoja ni mwekundu, wa pili ni wa bluu, wa tatu umechorwa mfuko wa saruji, na kwenye nguzo za umeme vimebandikwa vikaratasi vya waganga wanaodai kutibu kila maradhi na, kwa nyongeza, kurudisha mali iliyoibwa.

Sehemu kubwa ya rangi hizo ni ya makampuni ya simu. Mwezi Novemba 2024, kampuni iliyojulikana kwa jina la Tigo ilipojiita Yas, haikutosheka kuwapelekea wateja wake ujumbe wa simu. Kuta na vibanda vilivyobeba jina la zamani vilianza kupakwa upya. Jambo hilo lastahili kutafakariwa. Makampuni haya ndiyo yauzayo intaneti, na namba ya kila mteja wao wanayo. Kama tangazo la simuni lingetosha peke yake, wao wangekuwa watu wa kwanza kulitegemea. Lakini wakitaka kumfikia mkulima wa pamba wa Busega, wanamtuma fundi mwenye ngazi na ndoo ya rangi.

Hapana shaka kwamba mjadala juu ya tangazo la mtandaoni na tangazo la kawaida umekwisha kuingia katika ofisi za halmashauri na vyumba vya walimu. Wapo wanaosema kwamba zama za bango, redio na gazeti zimepita, na kwamba atumiaye fedha huko anazitupa. Wapo pia wanaoiona mitandao kuwa ni soko la matapeli na si kitu kingine. Pande zote mbili hubishana juu ya bei na wingi wa watazamaji. Swali lililo kubwa zaidi halijaulizwa: tangazo linamchagua nani alisikie, na ni nani mwingine aliyepo linaposemwa?

Yafaa kwanza kueleza namna tangazo la mtandaoni linavyofanya kazi, maana wengi wanaolitumia na wengi wanaolilaani hawaijui. Bango la kwanza la biashara kuenea katika mtandao wa intaneti lilitokea Oktoba 1994, nchini Marekani, katika jarida la mtandaoni lililoitwa HotWired. Miongoni mwa walionunua nafasi hizo za mwanzo ni kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa bango kama bango la barabarani, na kila aliyefungua ukurasa ule aliliona. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 2000 Google ilianza kuuza matangazo yanayofuata maneno anayotafuta mtu, Facebook nayo ikaingia kwa nguvu miaka michache baadaye, na biashara nzima ikageuka sura. Leo mwenye bidhaa hanunui tena nafasi katika ukurasa, ananunua watu. Husema anawataka wanawake wenye umri wa miaka 25 hadi 40, wakaao Mwanza na vitongoji vyake, wapendao mambo ya ushonaji. Mmoja wao afunguapo simu yake, mnada hufanyika ndani ya mashine kwa muda ulio mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na tangazo la mshindi ndilo litokealo mbele ya macho yake. Mshindi hulipa kwa kila elfu ya waliotazama, au kwa kila aliyebonyeza.

Mkazi wa Simiyu anaujua mnada. Katika mnada wa ng'ombe anayeuzwa ni ng'ombe, na mwenye mali yupo, amesimama na fimbo yake. Katika mnada wa simuni anayeuzwa ni yule atazamaye, naye hana habari kwamba mnada umefanyika.

Haitakuwa haki kuyasema hayo bila kutaja faida, nazo si ndogo. Mwanamke auzaye dagaa wa Ziwa Viktoria pale Lamadi hakuwa na njia ya kujitangaza kabla ya simu. Tangazo la redio lilitaka fedha na safari ya mjini. Bango lilitaka fundi, kibali na ada. Leo anapiga picha ya magunia yake, anaiweka kwenye WhatsApp, na mteja wa Kahama au Dar es Salaam anaiona kabla shehena ya pili haijamaliza kukauka. Hata akitaka kulipia tangazo, anaweza kuanza na fedha ya kifurushi cha wiki, akaongeza au akaacha kwa kadiri ya mauzo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemshauri arudi kukaa barabarani kumsubiri mpita njia. Msemo wa mjini usemao kwamba biashara ni matangazo ulikuwa, kwa miaka mingi, msemo wa wenye mtaji. Simu imeufanya uwe pia wa mchuuzi.

Aidha, mchuuzi huyo anaonyeshwa hesabu: wangapi wametazama, wangapi wameuliza. Mwenye gazeti anajua nakala alizouza, hajui ni wangapi waliosoma ukurasa wa tano. Mwenye redio hukisia. Lakini hapa pana tahadhari ambayo wakulima wa pamba hawahitaji kufundishwa. Hesabu hizo huhesabiwa na yule yule auzaye tangazo, na imekwisha dhihirika kwamba baadhi ya wabonyezaji si watu bali ni programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya kubonyeza tu. Udanganyifu wa mizani ulikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waanzishe vyama vya ushirika katika miaka ya 1950. Walitaka mizani isishikwe na upande mmoja. Katika biashara ya matangazo ya mtandaoni mizani ingali mikononi mwa mnunuzi wa pamba.

Wauzaji wa matangazo hayo hujivunia jambo moja kuliko yote: kwamba kwao hakuna upotevu. Bango la trekta barabarani huonwa na mtoto wa shule, na mhubiri, na abiria asiye na shamba. Redio ikitangaza mbegu za mahindi, mvuvi naye husikia. Katika hesabu za kibiashara watu hao wote ni hasara, kwa kuwa wamesikia jambo lisilowahusu. Tangazo la simuni huwaondoa, likabaki na mlengwa peke yake. Kwa muuza trekta hoja hiyo ina nguvu. Kwa jamii, ni hoja ya hatari.

Katika Usukuma ng'ombe walipoibwa, yowe lilipigwa, na yowe halikuchagua wa kulisikia. Aliyelisikia alilipokea na kulipiga tena, likavuka mto na kufika kijiji cha pili, likimtangulia mwizi. Kama lingepelekwa kwa wenye ng'ombe tu, mwizi angepita salama mbele ya nyumba za wasio na ng'ombe. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo, katika miaka ambayo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, ilisoma matangazo ya vifo ambayo wengi waliyasikiliza kwa utulivu kuliko taarifa ya habari. Mara nyingi aliyetajwa katika tangazo hakuwa na redio. Aliyesikia ni jirani, au mwenye duka, naye akapanda baiskeli kwenda kumwambia. Wasiohusika ndio waliolibeba tangazo. (Yapo pia matangazo yasiyohitaji redio wala rangi. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyeitangaza sukari, lakini lori la Kampuni ya Biashara ya Mkoa lilipoonekana tu, foleni ilikwisha kupangwa.)

Kusikia pamoja kuna manufaa mengine. Kunamzuia mwongo. Muuza dawa ya panya asimamaye mnadani na kipaza sauti, akidai kwamba dawa yake humaliza panya kwa usiku mmoja, anajua kwamba katika umati ule huenda yumo mtu aliyeinunua wiki iliyopita na ambaye panya wake wangali wazima. Mtu huyo atasema, na watu watacheka, na biashara ya siku hiyo itaharibika. Wahenga waliposema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, walikuwa wakizungumzia bidhaa inayotembezwa mbele ya macho ya wote. Hawakuijua bidhaa inayoweza kutembezwa nyumba kwa nyumba usiku, kila nyumba ikiambiwa maneno yake, na hakuna nyumba ijuayo jirani kaambiwa nini.

Wafanyakazi wa Serikali, na hasa walimu, wamekuwa wahanga wa matangazo ya namna hiyo kuliko wengi. Mshahara wao unajulikana, tarehe yake inajulikana, na siku za shida kabla ya tarehe hiyo zinajulikana pia. Simu ya mwalimu humtangazia mkopo wa dakika tano, usio na dhamana wala mdhamini. Mwalimu mwenzake katika dawati la pili haoni tangazo hilo, au anaoneshwa jingine lenye masharti mengine. Hawawezi kulijadili wakati wa chai kama wanavyojadili bango lililo nje ya shule, kwa sababu kila mmoja hudhani ni jambo lake la siri. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sitini na tisa! Lau wakopeshaji hao wangesimamisha mabango 69 kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, wasingefikisha hata la kumi kabla ya Afisa Biashara wa wilaya kuwataka waoneshe leseni. Simuni waliweza kukua kwa sababu hapakuwa na mpita njia.

Wananchi waliipa mikopo ya aina hiyo jina la kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Wakopaji wengi wamelalamika kwamba programu zilichukua majina yote yaliyohifadhiwa katika simu zao, na walipochelewa kulipa, ujumbe wa kuwaaibisha ulipelekwa kwa wakwe, kwa majirani, hata kwa wakuu wao wa kazi. Mkopo ulitangazwa kwa kunong'ona. Deni likatangazwa kwa mbiu.

Mapema mwaka 2025 likazuka jingine. Mpango uliojulikana kwa jina la LBL uliwavuta watu wa mikoa kadhaa kuweka fedha zao kwa ahadi kwamba wangelipwa kila siku kwa kazi ya kutazama matangazo ya filamu katika simu. Polisi waliwakamata baadhi ya watu waliohusishwa nao, lakini fedha za wengi zilikuwa zimekwenda. Mtu anayejua kwamba watangazaji huhesabu hata senti ya kila mtazamaji angeshtuka kuambiwa kwamba kutazama kwake dakika chache kungemrudishia mtaji wake na faida juu.

Ni kweli kwamba utapeli haukuanza na simu. DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, ilienezwa kwa mdomo, na hata makanisani, na watu waliaminiana wakaangamia pamoja. Tangazo la mdomo halina utakatifu wowote. Hata hivyo DECI ilikuwa na ofisi na foleni zilizoonekana mchana. Aliyetaka kuhoji alijua mlango wa kugonga. Anayetaka kuhoji tangazo lililomtokea mwalimu wa Busega saa nne za usiku, kisha likatoweka, atagonga wapi?

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Sheria hiyo ya pili haijulikani vya kutosha katika ofisi na shule za wilayani, na ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa wanaohitaji kuijua ndio hao hao wanaojaza fomu za watu wengine kila siku. Linalokosekana ni sharti rahisi: kila tangazo la mkopo linalooneshwa kwa Mtanzania lihifadhiwe mahali ambapo yeyote anaweza kulitazama, hata yule asiyelengwa, likiwa na jina la mwenye tangazo na namba ya leseni yake. Bango la ukutani hutimiza sharti hilo bila kuambiwa.

Lipo pia suala la fedha. Ada ya bango hubaki nchini, na malipo ya fundi rangi hubaki Nyashimo. Malipo ya tangazo la Facebook au Google huvuka bahari. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha kodi ya asilimia 2 kwa malipo ya huduma za kielektroniki zitolewazo na makampuni yasiyo na makazi nchini. Ni mwanzo mzuri, ingawa ni mdogo. Gazeti lolote likilisemea jambo hili litaonekana linalilia mkate wake, na kweli linaulilia. Lakini mkate huo ndio uliomlipa mwandishi wa mkoani aliyekwenda kuuliza kwa nini kisima hakitoi maji.

Hayo ni ya biashara. Zito kuliko yote ni matangazo ya umma. Katika miaka ya karibuni ofisi za Serikali zimehamishia matangazo yao mtandaoni, na kwa sababu nzuri. Zabuni za umma zimo katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na ajira za Serikali hutangazwa na kuombwa kupitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Zamani tangazo la zabuni lilitoka katika gazeti lililofika Bariadi likiwa limechelewa, na aliyewahi ni aliyekuwa na ndugu ofisini. Mfumo mpya umepunguza hila hizo, na hakuna haja ya kuurudisha nyuma.

Lakini kuweka tangazo mtandaoni ni jambo moja, na kuwatangazia watu ni jambo la pili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika Mkoa wa Simiyu. Wengi wao ni wakulima na wafugaji, na wengi wanatumia simu ndogo za tochi, ambazo hazioneshi ukurasa wa halmashauri. Chukua mfano wa mikopo ya asilimia 10. Halmashauri zinatakiwa kutenga sehemu hiyo ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili taratibu zirekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Tangazo la fursa hiyo likibaki katika mtandao na katika makundi ya WhatsApp ya watumishi, litawafikia kwanza jamaa za watumishi. Hapatakuwa na hila yoyote, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria. Kikundi cha wanawake wa kijijini kitasikia muda wa kuomba ukiwa umepita, na afisa ataonesha, kwa ushahidi kamili, kwamba tangazo lilitolewa siku 21 kabla.

Kikundi hicho hakikulengwa na mtu yeyote. Kiliachwa tu, kwa sababu njia iliyotumika haina jirani wa kupanda baiskeli.

Kwa hiyo basi, halmashauri ya Busega na nyingine zote zingefanya vema kuweka kanuni kwamba tangazo la umma halihesabiwi kuwa limetolewa mpaka liwe limebandikwa katika ofisi ya kata na ya kijiji, limesomwa kwa kipaza sauti mnadani au gulioni, na pale inapowezekana limetangazwa katika redio za mkoa kama Sibuka ya Maswa, ambazo mkulima huzisikia akiwa shambani. Siku za kuomba zianze kuhesabiwa tangu karatasi ilipogusa ukuta wa kata ya mwisho. Mtendaji wa kata atie saini na tarehe. Mkuu wa shule apewe nakala, kwa kuwa mtoto anayeisoma ubaoni huifikisha nyumbani siku hiyo hiyo, kwa wazazi wajuao kusoma na wasiojua. Gharama yake ni karatasi, gundi, na mafuta ya gari la matangazo kutoka Nyashimo hadi kata ya mbali, kwenda na kurudi.